Wino Uliozeeka na Wino Uliozeeshwa

Mnunuzi mgeni akikabidhiwa shajara ya mlowezi wa Marekani wa karne ya 19, hutafuta vituko: dubu, dhahabu, mapigano. Mjuzi huipeleka kwanza dirishani aitazame karatasi.

Hadi katikati ya karne hiyo karatasi ilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani, na mpaka leo iliyotunzwa vyema hukunjika bila kulalamika. Iliyofuata, ya massa ya mbao, hugeuka manjano na kumeguka. Barua ya 1840 iliyoandikwa kwenye karatasi ya mbao imejisuta yenyewe.

Wino ni kesi ngumu zaidi. Ulitengenezwa kwa vinundu vya mwaloni na chumvi ya chuma. Ulianza mweusi, ukafifia kuwa kahawia, na pengine umeila karatasi hadi ikatoboka. Mghushi Mark Hofmann wa Utah aliupika mwenyewe, akauzeesha kwa kemikali, akawauzia hati bandia za Wamormoni wa mwanzo hata watu waliojiona mabingwa. Mwaka 1985, ulaghai wake ulipokaribia kufichuka, mabomu yake yaliua watu wawili. Chini ya hadubini wino wake ulionekana umepasukapasuka kama ngozi ya mamba.

Karatasi na wino vikipita, ndipo maneno yasomwe. Patrick Breen, aliyenaswa na theluji katika milima ya Sierra Nevada pamoja na msafara wa walowezi uliojulikana kwa jina la Donner, alikunja karatasi nane za barua zikawa kijitabu, akaandika kuanzia Novemba 1846 hadi Machi 1, 1847. Upepo umetoka wapi, kuni zimepatikanaje, nani kafa. Basi! Kijitabu hicho, kilichoko maktaba ya Bancroft, Berkeley, kinazishinda kumbukumbu fasaha zilizoandikwa miaka mingi baadaye, kwa kuwa Breen aliandika bila kujua kama angetoka hai.

Uko pia ushahidi wa nje. Sheria ya ardhi ya 1862 ilimpa mlowezi hadi ekari 160 akikaa na kulima miaka 5, na mashahidi waliapa kuhusu nyumba yake na shamba lake. Majalada hayo yamehifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa, Washington. Barua ikisifu nyumba ya vyumba vinne huku jalada likitaja kibanda cha udongo, mjuzi hapigi kelele za ughushi. Huigeuza bahasha aone ilikuwa inakwenda kwa nani. Huenda ni shemeji aliyebaki mashariki, aliyesema tangu mwanzo kwamba safari ile ni wazimu.