Kinanda cha Parokia ya Saint-Sulpice

Miongoni mwa kazi zinazoitumikia liturujia, yaani ibada rasmi ya Kanisa, bila mtumishi mwenyewe kuonekana na waumini, kazi ya mpiga kinanda cha mabomba inastahili pongezi za pekee, na katika parokia ya Saint-Sulpice, jijini Paris, imelelewa kwa uaminifu usio wa kawaida. Kinanda chake, ambacho hutoa sauti pale hewa ya mivukuto inapoingia katika mabomba ya mbao na ya madini, kilijengwa na François-Henri Clicquot mwaka 1781, kisha kikaundwa upya na Aristide Cavaillé-Coll mwaka 1862. Naye, kwa busara ambayo si kila fundi mashuhuri huwa nayo, aliyahifadhi mabomba mengi ya mtangulizi wake. Kwa kuwa chombo chenye safu 5 za vibonyezo vya mikono kingemchosha mpigaji, alikitia wenzo wa Barker, yaani kifaa kinachotumia nguvu ya hewa kufungua vali, hata kidole kimoja kikaweza kuamuru mabomba mengi bila kukaza msuli.

Charles-Marie Widor alikitumikia tangu 1870 kwa zaidi ya miaka 60, akafuatwa mwaka 1934 na Marcel Dupré, aliyebaki hapo hadi kifo chake mwaka 1971. Wote wawili walikuwa watunzi wa sifa kubwa, lakini Misa iliwataka pia watunge papo kwa papo, wakiurefusha au kuufupisha muziki kwa kufuata mwendo wa altare, ustadi ambao ukumbi wa tamasha hauudai.