Yuko, Yupo, Yumo: Uhakiki wa Nuru ya Kufichua

Dungeons & Dragons ni mchezo wa kuigiza mezani uliotolewa Marekani mwaka 1974. Mwongozaji husimulia, wachezaji hujibu kwa maneno, na dadu huamua matokeo. Tuliucheza kwa Kiswahili pamoja na wanafunzi wa Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda. Katika makala haya hatuhakiki mchezo mzima, bali kipengele kimoja tu: tamko la kichawi liitwalo Faerie Fire, kwa kanuni za toleo la 2014.

Kosa letu la kwanza lilikuwa la tafsiri. Tuliliita Moto wa Mazimwi, na wachezaji wakangoja adui aungue. Haungui. Nuru ya buluu, kijani au zambarau humzunguka aliyepatwa na kuchora umbo lake, na hata kama alikuwa haonekani, hila hiyo haimfai tena. Anayemwona na kumshambulia hurusha dadu ya pande 20 mara mbili na kuchukua namba kubwa. Hivyo aliyekuwa na nusu ya uwezekano wa kumpiga sasa ana robo tatu. Ndipo tukaliita Nuru ya Kufichua.

Faida ya nuru hii, basi, ni ya wenzako zaidi kuliko yako. Mchezaji mmoja wa Kasese aliitupa kwa adui mmoja, ilhali watatu walikuwa wamesongamana kando. Eneo lake ni mchemraba wa takriban mita 6 kila upande, nao lingewaenea wote. Mwingine aliwamulika wenzake pamoja na adui, maana nuru haichagui. Aidha, adui mwepesi huweza kuikwepa. Tena hudumu dakika moja tu, yaani mizunguko 10, na huweza kuzimika mapema mtumiaji akijeruhiwa. Anayeitumia vizuri huitupa kabla tu ya zamu za wenzake, kisha hukaa mbali na mapigo na kuwaelekeza.

Hapo ndipo mwalimu wa Kiswahili anapofaidika. Mchezo wetu tuliuweka ndani ya machimbo ya shaba, mfano wa yale ya Kilembe. Adui asiyeonekana yuko; wapi hasa, hatujui. Nuru ikimpata, yupo, pale penye nguzo. Akikimbilia shimoni, yumo. Tofauti hii ya -ko, -po na -mo, ambayo ubaoni hula kipindi kizima, mezani inaamua nani apigwe.

Hata hivyo, Bwera ilitufunza jambo jingine. Huko, jirani na mpaka wa Mpondwe na Kasindi, Kiswahili cha Kongo husikika sokoni kila siku. Mwanafunzi mmoja, msemaji mwepesi kuliko wote, aliitupa nuru kwa wakati muafaka na kupaza sauti: "Eko kule nyuma ya mawe!" Tukamkatiza: sema "yupo pale". Akasema hivyo, kisha akanyamaza. Mizunguko iliyosalia nuru iliwaka bila mtu wa kuelekeza, na adui akatoroka. Wenzake walikuwa wamemwelewa barabara. Sisi ndio tuliowatia gizani.

Tulipomaliza mchezo tuliandika ubaoni eko, yuko, yupo, yumo, tukawauliza kila neno limefanya kazi gani. Ni mwanafunzi yuleyule aliyeeleza kwamba kwao "eko" hutosha kwa yote matatu, na kwamba Kiswahili sanifu humtaka achague.

Ni rai yetu, walimu wenzetu, kwamba sahihisho lisubiri nuru izimike. Mwanafunzi anayetoka mpakani tayari ana Kiswahili. Tukimwaibisha kila anapofumbua kinywa, atakificha, na hakuna tamko la kichawi litakalokifichua tena.