Fundi Anayesikiliza Chuma

Pipa la mafuta la lita 208 likishamaliza kazi yake ya kwanza, bado huwa na maisha marefu. Kamukunji jijini Nairobi na Gerezani jijini Dar es Salaam, mafundi hulipasua ubavuni, hulinyoosha, kisha hulifua mpaka likawa jiko la mkaa, kikaango au sanduku la mwanafunzi wa bweni. Ng'ambo ya Atlantiki, katika kisiwa cha Trinidad, pipa la aina hiyohiyo liliangukia mikononi mwa mafundi waliolitakia jambo jingine. Walilifua mpaka likatoa noti, na leo kitako kimoja cha pipa hubeba noti 28 au 29, kila moja mahali pake, zikatosha kupiga kalipso, nyimbo za kanisani, hata muziki wa Mozart. Hii ndiyo ngoma ya chuma. Wenyewe huiita pan. Nataka kuisifu kazi ya anayeitengeneza, hatua kwa hatua, kwa sababu naamini ni miongoni mwa kazi ngumu na nzuri kuliko zote ambazo mikono ya watu maskini ilizibuni katika karne ya 20. Pipa lilipatikana kwa bei ndogo au bure kabisa. Sikio lililoligeuza kuwa ala halikupatikana bure.

Chanzo chake ni katazo. Mapema miaka ya 1880 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilizibana ngoma za ngozi mitaani, ikiogopa mikusanyiko ya kanivali ya watu waliotoka utumwani na watoto wao. Watu wakageukia mianzi. Vipande virefu viligongwa ardhini vikatoa besi, vifupi vikapigwa kwa vijiti vikatoa sauti za juu, na bendi za namna hiyo zikaitwa tamboo bamboo. Lakini mwanzi hupasuka. Katika miaka ya 1930 vijana wa mitaa ya Port of Spain walianza kuziba pengo la mwanzi uliopasuka kwa chuma chochote kilichokuwa karibu: makopo ya rangi, madebe ya biskuti, vifuniko vya mapipa ya taka, ngoma za breki za magari. Mwishoni mwa muongo huo zilikuwapo bendi zilizouacha mwanzi kabisa.

Chuma kilistahimili kipigo, lakini kilibonyea, na kila kilipobonyea mlio ulibadilika. Mtu asiyesikiliza angesema kopo limeharibika. Inasimuliwa kwamba Winston "Spree" Simon aliazimisha pipa lake dogo, akarudishiwa limebonyezwa, na alipokuwa akiligonga kwa ndani ili alirudishe katika umbo lake, akasikia sauti tofauti zikitoka sehemu tofauti. Wapo wengine wanaotajwa kwa ugunduzi huohuo, na mabishano juu ya nani alitangulia hayajaisha. Mimi huyapenda mabishano hayo, maana yanaonyesha kwamba katika mitaa iliyopakana walikuwapo vijana wengi wenye masikio macho kwa wakati mmoja. Vita vya Pili vya Dunia vilipoisimamisha kanivali, kuanzia 1942 hadi 1945, vijana hao waliendelea na majaribio yao uani. Mapipa makubwa hayakuwa adimu: Trinidad ilikuwa nchi ya visima vya mafuta, na Wamarekani walikuwa na kambi ya jeshi la majini huko Chaguaramas.

Tuingie sasa kwenye kazi yenyewe.

Fundi huanza kwa kuchagua. Hulizungusha pipa, hulipapasa, huligonga kwa vifundo vya vidole. Lenye kutu halifai, wala lililokunjamana. Anataka kitako kisicho na tundu wala mshono, chuma chenye unene wa karibu milimita 1.2 na kilicho sawa kote, kwa sababu kila noti itazaliwa humo.

Kisha hulizamisha. Ellie Mannette, kijana wa bendi ya Invaders aliyezaliwa 1927, ndiye anayetajwa zaidi kwa hatua hii: wakati wengine walikitunisha kitako kije nje, yeye alikifua kiingie ndani, na muda si mrefu baada ya vita akaleta pipa kubwa la mafuta mahali pa makopo madogo. Fundi hushika nyundo nzito yenye mpini mfupi, akaanza karibu na ukingo, akazunguka na kuzunguka kuelekea katikati. Kwa pipa la sauti za juu, bonde hushuka karibu sentimita 20. Kwa besi, karibu nusu ya hapo. Huko katikati chuma huvutika mpaka unene wake ukakaribia nusu ya ulivyokuwa. Kila pigo halina budi kulifuata lenzake kwa uzito uleule. Akilemea mahali pamoja kupita kiasi, chuma huchanika, na pipa hilo limekwisha, kwani hakuna kiraka kinachoweza kuimba. Kazi hii huchukua saa nyingi na huumiza mabega. Anayeitazama kwa mara ya kwanza hudhani ni nguvu tu. Akikaa, ataona kwamba fundi husimama mara kwa mara, akapitisha kiganja juu ya chuma kutafuta mahali palipo pembamba au palipo pagumu, ndipo akaendelea.

Baada ya bonde huja ramani. Mafundi wa mwanzo walipanga noti popote zilipoenea. Anthony Williams, aliyeiongoza bendi ya North Stars, aliona kwamba mpangilio wenyewe ni sehemu ya sauti. Chuma ni kipande kimoja. Ukiigonga noti moja, mtetemo hauishii mpakani, huvuka kwa jirani. Ikiwa jirani hahusiani na noti hiyo, sauti huchafuka. Williams akaziweka noti zenye udugu zikae pamoja kuuzunguka ukingo: Do, halafu Sol, halafu Re, halafu La, halafu Mi, mpaka duara likafungika kwa noti zote 12. Ndani ya duara hilo huja la pili lenye noti hizohizo zikiwa juu zaidi kwa oktava moja, kila moja kando ya mama yake, na katikati kabisa hubaki zile chache zilizo za juu kuliko zote. Hivyo mtetemo unaovuka mpaka hukuta ndugu, na ndugu huitikia. Ala nyingi za sauti za juu hupangwa hivi hadi leo.

Mipaka huchorwa kwa tindo yenye ncha butu. Fundi huigonga kidogokidogo juu ya mstari, nukta ikifuatwa na nukta, mpaka mstari ukawa mfereji mwembamba unaoitenga noti na eneo linaloizunguka. Kisha ubavu hukatwa. Besi hubaki na pipa zima. Ala za sauti za juu huachiwa kipande kifupi tu, kama sentimita 15.

Halafu moto. Zamani pipa lilipinduliwa juu ya matairi yanayowaka; siku hizi wengi hutumia gesi. Halikai muda mrefu, dakika chache tu, na fundi hutazama rangi ya chuma inavyobadilika ili ajue wakati wa kuliondoa. Wapo wanaolimwagia maji, wapo wanaoliacha lipoe lenyewe. Chuma kilichofuliwa kwa baridi huwa kimejaa mikazo, na ndani yake mpangilio wa chembe umevurugika. Joto huzipa chembe ndogo za kaboni na naitrojeni nafasi ya kusogea na kutulia kwenye sehemu zilizovurugika, zikazifunga, na chuma hutoka kikiwa kigumu zaidi na chenye kurudi upesi kinapopigwa. Wanafizikia, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha West Indies huko St. Augustine, wameandika mengi juu ya chuma hiki. Mafundi walikuwa wakiifanya kazi hiyo kabla ya maandishi hayo, kwa kutazama na kusikiliza.

Mpaka hapa pipa bado halijaimba. Lina bonde, lina ramani, limepita motoni, lakini ukiligonga hutoa mlio mkavu. Kinachobaki ni kutyuni, yaani kuzipatanisha sauti, na hapo ndipo fundi mkuu hutofautiana na mwenye nguvu za mkono.

Anachukua nyundo ndogo. Akiipiga noti kutoka chini, uso wake hutuna na kukaza, na sauti hupanda. Akiipiga kutoka juu, hulegea, na sauti hushuka. Lau ingekuwa hivyo tu, kazi ingeisha kwa siku moja. Lakini noti moja nzuri ndani yake ina sauti zaidi ya moja: ile ya msingi, ile iliyo juu yake kwa oktava, na ya tatu iliyo juu zaidi. Sauti hizi zisipopatana, noti huwa butu hata kama kipimo cha kielektroniki kinasema iko sawa. Fundi huifuata oktava kwa kugonga miisho ya urefu wa noti, na ile ya tatu kwa kugonga miisho ya upana wake. Anapoisogeza moja, nyingine husogea nayo. Anapoipata noti hii, jirani aliyekwisha patikana huondoka mahali pake. Ni kama kukaza kitanda cha teremka tukaze: ukivuta kamba huku, kule kunalegea, na hakuna njia ila kuzunguka tena na tena mpaka kote kutulie. Noti 28, kila moja na sauti zake, zote ndani ya chuma kimoja kinachopelekeana habari. Kwa hiyo fundi hugonga mara moja na kusikiliza mara tatu. Ukihesabu muda wake, sehemu kubwa hutaikuta kwenye nyundo.

Bertie Marshall, wa bendi ya Highlanders, ndiye aliyeifikisha kazi hii mbali. Wengine walipokuwa wakiridhika na sauti ya msingi, yeye alisikia kwamba uzuri umo katika zile za juu yake, akazityuni kwa makusudi. Mlio wa ngoma za chuma ukabadilika tangu hapo, ukapata ung'avu ambao leo tunaujua kwa mbali hata bila kuiona ala. Sikio lake halikusomea maabarani. Lilikaa miaka mingi kando ya pipa likidai zaidi ya lilichopewa.

Ila sikio la fundi halikui peke yake. Mwaka 1951 vijana 11 waliteuliwa kutoka bendi mbalimbali waende London kwenye Festival of Britain, chini ya Joseph Griffith, mwanamuziki wa bendi ya polisi. Kundi hilo liliitwa TASPO, na Williams, Mannette na Simon walikuwamo. Griffith alitaka ala zote ziwe na noti zote, pamoja na nusu noti, besi nazo zikiwamo. Pipa moja la besi haliwezi kubeba noti nyingi, kwa sababu noti ya chini hudai eneo kubwa; basi mpigaji wa besi akapewa mapipa kadhaa, na njia hiyo imedumu: besi ya leo mara nyingi huwa na mapipa sita, matatu yakimzunguka mpigaji huku na matatu kule, kila moja likiwa na noti tatu. Kutoka 1963 yakaja mashindano ya Panorama, na North Stars wa Williams wakashinda mwaka huo na uliofuata. Kila bendi ilikuwa na fundi wake, na kila fundi alisikilizwa na mtaa mzima, wakiwamo wapinzani wa mtaa wa pili waliojua mara moja kama kuna kitu kipya kilichotoka uani kwake. Vijana wa pan waliitwa wahuni, bendi zao zilipigana, polisi waliwafukuza, na wazazi wengi waliwakataza wanao wasisogee kwenye yadi zao. Mwaka 1992 ngoma ya chuma ikatangazwa ala ya taifa la Trinidad na Tobago, na mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ukaitengea siku, tarehe 11 Agosti. Heshima imekuja ikiwa imechelewa, na mafundi hawakubadili chochote katika kazi yao ili waipate, isipokuwa kuifanya vizuri zaidi.

Kazi yenyewe haina siku ya kwisha. Ala ikishapakwa kromu au rangi, noti husogea, na fundi hurudi kuzitengeneza. Ikipigwa msimu mzima, husogea tena. Kabla ya kanivali utamkuta fundi akipita kutoka bendi moja hadi nyingine, ameinama juu ya pipa moja baada ya jingine, akizitafuta noti zilizotoroka.

Sisi huku hatuna upungufu wa mapipa, wala wa mikono. Fundi wa Gerezani anayefua kikaango cha duara bila kukichana anajua tayari nusu ya kulizamisha pipa. Masikio pia tunayo: ilimba ya Wagogo, ambayo mwanamuziki Hukwe Zawose aliifikisha duniani, ina ulimi wa chuma baada ya ulimi, na muziki wao umejengwa juu ya zile sauti ndogo zinazokaa ndani ya sauti kubwa, zilezile alizozifuata Marshall. Kilichokosekana ni mfua vyuma na mpiga ilimba kuketi uani pamoja kwa miaka. Anayetaka kuanza asianze na noti 28. Trinidad yenyewe haikuanza nazo. Achukue debe au kopo la rangi tupu, atafute noti mbili, Do na Sol, azigonge mpaka ziitikiane, na asiitafute ya tatu mpaka jirani zake, bila kuulizwa, waanze kuziimba hizo mbili.