Tasnifu Zilizopigiliwa Msumari Mbali: Bukoba na Muleba katika Vitabu vya Uppsala na Umeå

Kila yanapofika majira ya kuomba nafasi za masomo, sisi tunaofundisha theolojia huombwa barua za mapendekezo. Mchungaji kijana wa Muleba au wa Bukoba ameona tangazo la Uppsala, Lund, Oslo au Helsinki. Ana shahada yake ya kwanza, ana kibali cha Dayosisi, na ana matumaini. Vikao vyetu vinapolijadili ombi lake aghalabu huulizwa maswali mawili. Je, atarudi? Na akirudi, je, atakuwa bado anaamini kama alivyoamini? Hatuyadharau maswali hayo. Walakini twaona kwamba liko la tatu ambalo halijaulizwa ipasavyo: yale atakayoyaandika huko juu ya watu wa huku, je, yatarudi pamoja naye? Katika makala hii tunakusudia kulijaribu swali hilo kwa kuvipima vitabu vichache vilivyotokana na uhusiano wa Kagera na vyuo vikuu vya Ulaya ya Kaskazini.

Kwanza yafaa msomaji aijue desturi moja ya huko. Katika vyuo vikuu vya Uswidi, mtahiniwa wa shahada ya uzamivu haitetei tasnifu yake faraghani. Wiki tatu kabla ya siku ya utetezi nakala moja hupigiliwa msumari hadharani chuoni, ili kila apitaye aione na atakaye aisome. Siku ikifika, mpinzani aliyeteuliwa kutoka nje ya chuo huieleza kazi hiyo mbele ya watu wote, kisha humhoji mtahiniwa hatua kwa hatua. Na baada yake mtu yeyote aliyeketi ukumbini ana haki ya kusimama na kuuliza. Mlutheri akisikia habari ya msumari hukumbuka mlango wa Wittenberg mwaka 1517, hata kama wanahistoria wanabishana iwapo msumari ule ulikuwapo kweli. Tunaisifu desturi hii. Lakini tukiisifu twapaswa kuona pia ukuta ule uko wapi, na ni akina nani wanaopita mbele yake. Mama wa Kamachumu aliyesimulia habari za ndoa yake kwa mtafiti hapiti pale.

Tuanze na mwaka 1974, kwa maana katika mwaka huo vilitokea vitabu viwili juu ya Kanisa la Bukoba, na vyote viwili vilichapishwa Uswidi. Cha kwanza ni cha Bengt Sundkler, *Bara Bukoba*. Sundkler alifanya kazi Bukoba tangu mwaka 1942, wakati wamisionari Wajerumani wa Betheli walipokuwa wameondolewa kwa sababu ya vita. Baadaye akawa profesa wa Uppsala, na kuanzia 1961 hadi 1964 alikuwa askofu wa Bukoba. Hakuwa mgeni wa juma moja. Msomaji wa Kiswahili akiona jina la kitabu hicho hudhani kwamba linahusu bara na pwani. Kumbe kwa Kiswidi neno *bara* maana yake ni "tu", yaani "Bukoba tu". Kitabu kilitoka kwanza kwa Kiswidi, na msomaji wa Kiingereza alikipata mwaka 1980. Twaona kwamba neno hilo moja linatuonyesha ni nani aliyekuwa ameketi mbele ya mwandishi alipokuwa akisimulia. Mwandishi anawapenda Wahaya, na upendo huo tunauheshimu. Lakini anawaeleza kwa jirani yake wa Uswidi, na anayeelezwa kwa jirani ya mtu hawezi kuyajibu yanayosemwa juu yake.

Cha pili ni cha Josiah Kibira, mzaliwa wa Kashenye katika Kiziba, aliyempokea Sundkler uaskofu mwaka 1964, na aliyechaguliwa Dar es Salaam mwaka 1977 kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Kitabu chake, *Church, Clan, and the World*, kilitolewa Lund katika mfululizo wa vitabu vya elimu ya misioni wa Uppsala. Hapa kuna jambo la kuangaliwa. Kibira hakusoma Uswidi. Alisoma Betheli huko Ujerumani, kisha Boston huko Marekani. Hata hivyo, mtu akiuliza ni kitabu gani cha Mhaya kilicho na nafasi yake katika maktaba za Kaskazini, atapewa hicho kabla ya vingine. Kwa nini?

Jibu letu ni kwamba swali lake lilitoka nyumbani. Kibira anaanza na ukoo, *oruganda*. Anapita katika undugu wa damu, *omukago*. Anafika kwenye ushirika wa Abalokole, ambao damu waliyoitaja ilikuwa ya Mwana-Kondoo. Anachotaka kujua si jambo la kuwaburudisha wasomi. Anataka kujua kama Kanisa laweza kuwa ukoo kwa Mhaya bila kumezwa na ukoo. Tena kitabu kilipotoka, mwandishi alikuwa amekaa miaka 10 katika kiti cha uaskofu, akiongoza watu wale wale aliowaandika, akiwazika, akiamua mashauri yao ya urithi. Wapinzani wake hawakuteuliwa na chuo kikuu. Walikuja ofisini kwake asubuhi.

Hata hivyo kitabu hicho hakitutoshelezi kila mahali. Ukoo wa Kihaya hufuata upande wa baba. Mwanamke ni wa ukoo wa baba yake, naye huishi na kuzaa katika ukoo wa mumewe. Akiachwa au akifiwa, ndipo huonekana jinsi alivyokuwa ameegemea ukingo. Basi tukisema kwamba Kanisa ni ukoo mpya, mwanamke amesimama wapi ndani ya ukoo huo? Swali hilo ndilo linalotubaki mkononi tukifunga kitabu, na twadhani kwamba kila mchungaji aliyewahi kukalia shauri la kibanja cha mjane atatuelewa.

Aliyelikabili swali hilo kwa ukamilifu zaidi ni mgeni. Mwaka 1991 Birgitta Larsson alitetea Uppsala tasnifu yake juu ya wanawake, Kanisa na mabadiliko ya jamii katika kaskazini-magharibi ya Tanzania chini ya utawala wa kikoloni. Jina lake, *Conversion to Greater Freedom?*, lina alama ya kuuliza, na alama hiyo ndiyo uti wa mgongo wa kazi nzima: je, kuongoka kulimletea mwanamke wa Kihaya uhuru mkubwa zaidi? Humo wamo wanawake waliokimbilia misioni, na wamo pia waliokwenda mijini. Kila mzee wa Bukoba anajua kwamba wako waliorudi kutoka Nairobi na Kampala na fedha zao, wakajinunulia vibanja. Katika mahubiri yetu wanawake hao wametajwa kama onyo tu. Mtafiti aliwakuta ni watu wenye historia.

Kwa hiyo hatukubaliani na wale wanaosema kwamba Mhaya peke yake ndiye awezaye kuiandika Buhaya. Pengine mgeni huuliza lile ambalo mwenyeji ameona haya kuliuliza, kwa maana mgeni hana shemeji katika kijiji hicho. Lawama yetu haimhusu aliyeuliza. Inahusu mahali jibu lilikopelekwa. Tasnifu ile ni ya Kiingereza, na mpinzani wake alisimama Uppsala. Wanawake wa Ihangiro na Kiziba waliofungua vinywa vyao walistahili kusimama wao pia katika saa ile ya mwisho, ambapo aliyeketi ukumbini huruhusiwa kuuliza.

Sasa tugeuke kidogo kutoka theolojia, kwa maana mfano ulio mkali kuliko yote umetoka kwa waganga. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Mwaka 1987 watafiti wa Muhimbili pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Umeå, kaskazini ya Uswidi, walipima damu za watu wazima kutoka nyumba hadi nyumba. Katika mji wa Bukoba walikuta asilimia 24.2 wana virusi. Katika Muleba asilimia 10.0. Katika kazi hiyo alitoka Japhet Killewo, aliyetetea tasnifu yake Umeå mwaka 1994 juu ya namna ya kuudhibiti ugonjwa, na Gideon Kwesigabo, aliyetetea yake huko huko mwaka 2001 juu ya mwenendo wa maambukizi tangu 1987 hadi 2000. Ni yeye na wenzake walioonyesha kwamba Muleba ilishuka hadi asilimia 6.8 mwaka 1996, na 4.3 mwaka 1999. Na kwamba mji wa Bukoba ulifikia 13.3 mwaka 1996.

Tuwaombe wachungaji wayasome tena majira hayo kwa kumbukumbu zao wenyewe. Katika miaka ile tulizika. Palikuwa na majuma ambayo mchungaji alitoka kaburi moja akaenda la pili bila kupita nyumbani. Wanafunzi wa Umeå walikwenda Kaskazini wakiwa wamebeba jambo ambalo watu wao walikuwa wakifa kwalo, na baridi na giza la huko havikuwasahaulisha. Mwaka ule ule wa 2001 Aldin Mutembei alikamilisha kule Leiden, Uholanzi, tasnifu juu ya ushairi wa Kihaya na UKIMWI, akichunguza jinsi watu walivyobadilisha mafumbo yao kadiri ugonjwa ulivyoendelea. Hapo tunao mganga na mwanafasihi. Tunauliza kwa upole: katika miaka hiyo hiyo, ni mada zipi tulizowapa wanatheolojia tuliowaandikia barua za mapendekezo? Takwimu zatuambia ni wangapi walianguka. Hazituambii yatima aligawanywaje kati ya baba zake wadogo, wala mjane aliambiwa nini na mzee wa kanisa. Hiyo ilikuwa zamu yetu.

Huenda mtu akajibu kwamba mwanafunzi hachagui mada, bali huchaguliwa na anayemlipia. Kuna ukweli hapo, na unazidi kuwa mchungu. Zamani elimu ya vyuo vikuu vya Kaskazini ilikuwa haina ada, hata kwa mtoto wa mkulima wa kahawa, mradi apate nauli na chakula. Mlango huo umefungwa ubao baada ya ubao kwa wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya: Denmaki mwaka 2006, Uswidi 2011, Ufini 2017, Norwei 2023. Norwei ilikuwa na mpango wake maalumu kwa wanafunzi wa nchi kama zetu, uliosimamishwa kupokea wapya mwaka 2016. Mpango huo ulikuwa na sharti moja la busara: sehemu iliyokuwa mkopo ilifutwa mwanafunzi aliporejea kwao. Hata hapo, sharti lilimdai mtu arudi. Tasnifu yake halikuidai. Siku hizi anayekwenda huenda kwa ufadhili, na mfadhili mara nyingi ana mradi wake tayari. Hiyo ni sababu ya Kanisa kuongeza sauti yake kabla ya safari, wala si ya kunyamaza. Dayosisi inayotoa kibali bila kuuliza "unakwenda kutafuta nini?" imetia sahihi karatasi tupu.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 14 Paulo na Barnaba wanarudi Antiokia, kwa watu waliowaweka mikononi mwa neema ya Mungu, wanalikusanya kanisa na kulieleza yaliyotendeka. Hawakupeleka taarifa kwa wakubwa peke yao. Twapendekeza basi kwamba kila mwanafunzi wetu anayeandika juu ya Bukoba au Muleba, awe wa uzamili au wa uzamivu, aitetee kazi yake mara mbili. Mara ya kwanza kule, kwa sheria za kule. Mara ya pili huku, katika usharika au jimbo alikokusanya habari zake, kwa muhtasari wa Kiswahili usiopungua kurasa 20, uliobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kanisa Jumapili tatu mfululizo. Mpinzani ateuliwe na usharika wenyewe. Kama tasnifu inahusu wajane, mpinzani awe mjane.

Tumekwisha kuusikia ubishi juu ya pendekezo hili, nao unasema kwamba watu wa kijijini hawawezi kuhukumu kazi ya kitaalamu. Ni kweli kwamba hawatahukumu tanbihi. Lakini wao ndio wanaojua kama mzee aliyenukuliwa ukurasa wa 60 alikuwa na ugomvi wa mpaka na yule aliyenukuliwa ukurasa wa 61. Wanajua kibanja kipi kilinunuliwa na nani, na kwa fedha ya wapi. Profesa wa Oslo hana njia ya kuyajua hayo, naye akiwa mwaminifu atakuwa wa kwanza kutaka kuyasikia. Wengine wanataja gharama. Nauli ya basi kutoka Bukoba hadi Kamachumu ni sehemu ndogo mno ya tiketi ya ndege ya kwenda Stockholm, na mkutano wenyewe unaweza kufanyika kanisani baada ya ibada, kabla watu hawajaenda kula.

Barua za mapendekezo za mwaka huu hazijaandikwa zote. Kwa zile zitakazopita mikononi mwetu, tumeamua kumwomba kila mwombaji aambatishe ukurasa mmoja wa Kiswahili unaotaja swali lake, kijiji lilikotoka, na watu atakaowarudia.