Kufumba na Kufumbua: Safari, Wakati na Tafsiri

Msemo "kufumba na kufumbua" huelezwa kwa kawaida kuwa kielezi cha haraka, sawa na "mara moja". Maelezo hayo ni sahihi, ila ni mafupi mno, kwa kuwa yanaacha nje matumizi ambamo msemo huu una nguvu zaidi, yaani safari isiyo na njia.

Kwa umbo, "fumbua" ina kiambishi cha kutendua, kama ilivyo katika funga na fungua, kunja na kunjua. Vitenzi hivi viwili hukamilisha tendo moja la jicho, na baina yake hapana kionekanacho. Katika ngano, jini humwamuru msafiri afumbe macho. Akiambiwa afumbue, yuko nchi nyingine. Hapo maneno haya ni amri mbili, wala si kielezi, na kufumba ni sharti la safari. Ndiyo maana ngano haisimulii bahari iliyovukwa. Mchawi wa ungo naye huenda upesi, lakini hupita angani. Safari yake ina chombo na njia.

Mazungumzo ya kila siku yameondoa safari yakabakiza wakati. "Kufumba na kufumbua, mkoba haupo," husema aliyeibiwa sokoni. Hata Biblia ya Union Version, katika 1 Wakorintho 15:52, inautumia msemo huu kwa badiliko la ghafla, si kwa mwendo.

Tofauti hii ina uzito kwa wafasiri. Neno "teleportesheni" lilienezwa na Mmarekani Charles Fort katika kitabu chake Lo! cha 1931. Mwaka 1993 wanasayansi sita waliliazima kwa nadharia ya kwanta, na majaribio yakafuata 1997. Lakini katika fizikia hiyo kinachohamishwa ni hali ya chembe, si chembe yenyewe. Tena sharti taarifa itumwe kwa njia ya kawaida, isiyoishinda kasi ya nuru. Kuliita jambo hilo "safari ya kufumba na kufumbua" ni kumpotosha mwanafunzi mara mbili, kwani si safari wala si la papo hapo. "Uhawilishaji wa hali" ungemfaa zaidi.

Katika hadithi za kubuni za kisayansi, ambamo mtu mzima hutoweka hapa akatokea kule, msemo wa ngano unatosha bila mkopo. Kamusi nayo yapasa iupe maana zote mbili, ile ya safari ikitajwa waziwazi.