Mbegu Baada ya Moto: Mwanamke, Shamba na Ukimya wa Baada ya Vita katika Fasihi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kisa kinachojulikana katika fasihi ya ulimwengu: msichana anayepigania shamba la familia yake baada ya vita. Yanakipima kisa hicho kwa hali ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, hususani Njombe na Makete, na kwa kazi za Kiswahili zinazohusu Vita vya Majimaji. Hoja kuu ni kwamba fasihi ya Kiswahili imeyasimulia mapigano na kuyaacha mavuno yaliyofuata, na kwamba pengo hilo limetokana na tanzu zilizotumika pamoja na namna kumbukumbu zilivyokusanywa. Inahitimishwa kuwa kisa cha aina hiyo kinaweza kuandikwa kwa Kiswahili, lakini si kwa kuiga umbo lake la Kimarekani.

1.0 Utangulizi

Riwaya ya Margaret Mitchell, Gone with the Wind, iliyochapishwa mwaka 1936 na kupata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1937, imekifanya kisa cha msichana na shamba kuwa kama kanuni. Scarlett O'Hara anarudi Tara, shamba la baba yake huko Georgia, Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vikiwa bado havijakwisha. Mama amefariki, baba amerukwa na akili, ghala ni tupu. Kuanzia hapo, kila analolifanya, hata ndoa yake ya pili, linapimwa kwa swali moja: je, Tara itabaki?

Msomaji wa Kiswahili hawezi kukosa kuvutwa na swali hilo. Nchi yake nayo imeona vita vilivyoteketeza mashamba. Majimaji ya 1905 hadi 1907 yalifika hadi Ubena, ambako kituo cha misheni cha Yakobi, karibu na Njombe, kilishambuliwa Septemba 1905. Mwaka 1916 Vita vya Kwanza vya Dunia vilipita katika nyanda hizo hizo, na mapigano yakatokea Malangali na Lupembe. Hata hivyo, anayetafuta katika fasihi ya Kiswahili msichana anayerudi kwenye shamba lililoungua atatafuta sana. Makala haya yanauliza kwa nini hali ni hiyo, na yanadai kuwa jibu lake lina uzito kwa uhakiki na kwa uandishi pia.

2.0 Tara na nguzo zake

Kisa cha Mitchell kimesimama juu ya nguzo tatu. Ya kwanza ni hati. Tara ni mali yenye mipaka na mmiliki mmoja. Gerald O'Hara aliipata kwa mchezo wa karata, na ingeweza kupotea kirahisi vivyo hivyo. Ya pili ni deni. Baada ya vita, adui wa shamba si moto tena bali kodi, na ndiyo inayomfanya Scarlett amnyang'anye dada yake mchumba, Frank Kennedy, mwenye fedha za kuilipa. Ya tatu ni urithi. Bila ndugu wa kiume aliye hai, binti mkubwa anaweza kulichukua shamba mikononi mwake kana kwamba ni lake.

Chini ya nguzo hizo upo msingi ambao riwaya haipendi kuutazama. Tara ilijengwa kwa kazi ya watumwa. Mammy, Pork na Dilcey wanabaki baada ya uhuru, na riwaya inakuita kubaki kwao uaminifu. Pamba inayochumwa na Scarlett kwa mikono yenye malengelenge inachumwa pia na Dilcey, lakini mateso yanayosimuliwa ni ya mmoja tu. Alice Randall aliligusa jeraha hilo mwaka 2001 katika The Wind Done Gone, alipoisimulia dunia hiyo upya kwa sauti ya binti wa Mammy. Swali la nani anaokoa shamba, kwa hiyo, haliwezi kutenganishwa na swali la nani analilima.

Kiswahili kina neno moja linaloyabeba maswali yote mawili. Shamba, kwa Unguja ya mikarafuu, ni milki ya bwana inayofanyiwa kazi na wengine. Bara, shamba ni kipande cha ardhi kinachohesabiwa kwa jembe la anayekilima. Adam Shafi, katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), ameandika juu ya shamba la maana ya kwanza, na humo mtumishi Kijakazi, aliyeitumikia familia ya Fuad kwa utiifu mkubwa, anawekwa mbele ya macho ya msomaji ili utiifu huo uulizwe maswali. Alichokifanya Randall dhidi ya Mitchell, riwaya ya Kiswahili ilikuwa imeshakifanya kwa njia yake zaidi ya miaka 20 kabla. Shamba la maana ya pili, lile la jembe, ndilo lililobaki bila msimulizi wa vita vyake.

3.0 Vita vilichukua nini Nyanda za Juu?

Tuchukue Iwawa, makao makuu ya Wilaya ya Makete, katika nchi ya Wakinga iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Uwanja mkuu wa vita vya 1905 haukuwa hapa, lakini vita vya 1914 hadi 1918 viliigusa nyanda yote, kwa kuwa majeshi ya pande zote mbili yalichukua wapagazi na vyakula popote yalipopita. Kwa msichana wa mahali kama hapa, hakuna nguzo hata moja ya Tara inayosimama. Hati haikuwapo. Ardhi ilikuwa ya ukoo, na haki juu yake ililindwa kwa kuilima na kwa kutambuliwa na jamaa. Kodi ya Wajerumani ilikuwapo, lakini ilidaiwa kwa watu na nyumba zao. Ilimwondoa mwanamume shambani kwenda kuitafuta, haikuliweka shamba mnadani. Na urithi, katika mfumo wa kuumeni, haukumweka binti mbele.

Je, basi hapakuwa na cha kuokoa? Kilikuwapo, ila kilikuwa kitu kingine. Katika Majimaji, jeshi la Wajerumani lilitumia njaa kama silaha: vijiji vilichomwa, mazao yaliharibiwa na akiba zilitwaliwa. Vifo vya vita hivyo, ambavyo vingi vilitokana na njaa, hukadiriwa kati ya 75,000 na 300,000. Ardhi ilibaki mahali pake. Vilivyotoweka ni mbegu, mikono na watu wa kumtambua mlimaji kuwa ni mwenzao. Ulezi ukiliwa wote wakati wa njaa, hakuna cha kupanda mvua zikija. Kaka na baba wakifa au wakichukuliwa, hakuna wa kufyeka. Shamba lisilolimwa hurudi kuwa pori, nguruwe mwitu huingia, na mji huwa mahame.

Kuokoa shamba katika mazingira hayo ni kuwahi. Msichana hashindani na mtoza ushuru mwenye tarehe ya mnada. Anashindana na msimu. Uamuzi wake mzito kuliko wote hufanyika jikoni, si mahakamani: debe la mwisho la nafaka liliwe leo au lifichwe hadi mvua? Hapo pana mgogoro wa kutosha kuijaza riwaya nzima, kwa sababu anayeificha mbegu anamnyima mtu chakula, na mara nyingi mtu huyo ni mdogo wake. Pana pia suala la mikono. Methali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, husomwa kwa kawaida kama onyo kwa wavivu. Ikisomwa katika nchi iliyopoteza watu, inaweza kumaanisha kwamba jembe ndilo mlango wa kuingilia ukoo, na kwamba kaya huweza kujengwa upya kwa wageni.

4.0 Tanzu zinazokoma kwenye mapigano

Kazi mbili mashuhuri za Kiswahili kuhusu Majimaji zinaonyesha jinsi utanzu unavyoamua kinachoonekana. Ya kwanza ni Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliotungwa si muda mrefu baada ya matukio yenyewe na kuchapishwa pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley mwaka 1957. Utenzi wa vita una mkondo wake: chanzo, wakuu, mapambano, ushindi na maangamizi. Beti zake zinatembea pamoja na majeshi. Jeshi likiondoka, ubeti nao unaondoka, na mwanamke aliyebaki kwenye majivu anabaki nje ya mizani. Si kwamba mshairi hakuziona athari; ni kwamba utanzu wake haukumdai akae nazo.

Ya pili ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969). Hapa mambo ni magumu zaidi, na yanamstahili mtunzi sifa. Tamthilia inafunguka kwa mazungumzo ya wanawake kuhusu uhaba wa chakula: wanaume wanatumikishwa katika shamba la pamba la Mjerumani, na nyumbani hakuna wa kusaidia kulima. Kwa hatua hiyo, Hussein ameanzisha vita jikoni. Watazamaji wanajua njaa kabla ya kulijua neno la Kinjeketile. Lakini kadiri neno linavyokua, jiko linapungua. Mjadala unahamia kwa wanaume: maji ni kweli au uongo, umoja utapatikanaje, kiongozi afanye nini na imani aliyoizaa mwenyewe. Tamthilia inaishia gerezani, Kinjeketile akikataa kuyakana maji kwa sababu ya vizazi vijavyo. Ni mwisho wenye hekima ya kisiasa, lakini vizazi hivyo vijavyo vilipaswa kula mwaka 1907. Swali la wanawake wa onyesho la mwanzo halijajibiwa, na kazi yenyewe haioni tena haja ya kuwauliza.

Inaweza kujibiwa kuwa tamthilia hii iliandikwa katika miaka ya kujenga taifa, na kwamba Majimaji yalihitajika kama kielelezo cha umoja. Jibu hilo ni la kweli, na ndilo linaloonyesha tatizo. Taifa lilihitaji mashujaa waliokufa. Aliyenusurika na kupanda hakuwa na mahali katika orodha yao, ingawa bila yeye pasingekuwa na wa kuukumbuka ushujaa huo.

5.0 Kumbukumbu na waliosikilizwa

Pengo la fasihi lina mwenzake katika historia. Utafiti wa Majimaji uliofanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968 na 1969 uliokoa simulizi ambazo zingepotea, lakini ulitawaliwa na sauti za wazee wa kiume na maswali ya uongozi na mapambano. Baadaye Thaddeus Sunseri, katika makala yake ya 1997 kuhusu Uzaramo, alionyesha kwamba njaa, nguruwe mwitu na mabadiliko ya kazi kati ya wanawake na wanaume ni mambo ya ndani kabisa ya chanzo cha vita, si pambo la pembeni. Kwa upande wa Njombe, James Giblin, katika A History of the Excluded (2005), aliisoma karne ya 20 kupitia familia, akidai kwamba familia ilikuwa kimbilio la watu walioachwa nje na dola.

Hoja ya Giblin inamfaa mhakiki wa fasihi kwa sababu inabadili mahali pa kutafuta tukio. Ikiwa familia ndiyo uwanja, basi ndoa, mahari, malezi ya yatima na ugawaji wa mashamba si mandhari ya kisa bali ni kisa chenyewe. Hoja hiyo nayo inahitaji tahadhari, kwa maana kimbilio la mmoja huweza kuwa kifungo cha mwingine. Amri ya Sheria ya Mila ya mwaka 1963 iliwaweka mabinti daraja la mwisho katika urithi. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji James Mwalusanya aliamua kuwa kanuni ya mila ya Wahaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo ilikuwa ya kibaguzi na kinyume cha Katiba. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikatambua haki sawa ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi. Msichana wa mwaka 1907 aliyelifufua shamba la baba yake, kwa hiyo, angeweza kulipoteza baadaye bila vita yoyote: siku kaka yake anaporudi, au siku anapoolewa. Mitchell hana ukurasa wa tukio hilo. Kwa riwaya ya Kiswahili, hilo lingekuwa tukio la kilele.

6.0 Uwezo wa riwaya ya Kiswahili

Isidhaniwe kuwa Kiswahili kimekosa nyenzo. Aniceti Kitereza, katika Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali (1980), ameonyesha kuwa nathari ya Kiswahili inaweza kukaa na kilimo, upishi, maradhi na taratibu za ukwe kwa mamia ya kurasa bila kuharakia tukio kubwa. Baadhi ya wasomaji huona urefu huo kuwa udhaifu. Kwa suala linalojadiliwa hapa, huo ndio ufundi unaohitajika, yaani subira ya kuhesabu siku kati ya kupanda na kuvuna. Shafi naye ametoa nyenzo ya pili, yaani jicho linalomtambua mtumishi kabla ya bwana. Hussein ametoa ya tatu, onyesho la mwanzo linalojua kwamba siasa huanzia kwenye chungu kisicho na kitu. Kinachokosekana ni kazi inayoziunganisha nyenzo hizo na kuanza pale utenzi na tamthilia zilipokoma.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kuwa kisa cha msichana anayeokoa shamba baada ya vita hakihamishiki kutoka Georgia hadi Njombe kwa kubadili majina. Kule kinategemea hati, deni na urithi, na kinaficha kazi ya watumwa. Huku kingetegemea mbegu, mikono na kutambuliwa, na kisingeweza kuificha kazi, kwa sababu anayelipigania shamba ndiye anayelilima. Fasihi ya Kiswahili kuhusu Majimaji imekipita kisa hicho kwa kuwa utenzi ulifuata majeshi na tamthilia ilifuata neno. Mhakiki anayesoma kazi za vita anapaswa kuuliza, pamoja na nani alishinda, ni nani aliyepanda mvua zilipokuja, na mavuno yakawa ya nani.