Kabla ya Kununua Alteneta

Gari dogo likishachakaa, mwenyewe huanza kulilalamikia kwa umeme. Injini inazunguka vizuri na breki zinashika, lakini asubuhi likiwashwa linagonga "ka-ka-ka" kisha linanyamaza. Taa za mbele zinafifia kwenye foleni, zinang'aa ukikanyaga mafuta. Feni inapuliza kwa nguvu zote au haipulizi kabisa. Ukikanyaga breki, indiketa ya upande mmoja nayo inawaka kwa mbali. Redio inazima kwenye tuta, na taa ya betri kwenye dashibodi inawaka siku inayotaka yenyewe. Haya yote husimuliwa na mtu aliyekwisha kununua betri mpya, akaambiwa tatizo ni alteneta, akanunua alteneta iliyotumika, na bado kila alfajiri anamgongea jirani mlango alete gari lake wabusti. Magari haya mengi ni otomatiki. Hata kuyasukuma yakawaka haiwezekani.

Nataka kumsifu fundi umeme wa magari anayeyapokea malalamiko hayo bila kuchoka, maana kazi yake ni ngumu kuiona. Fundi wa injini akimaliza, mezani kuna pete zilizoliwa na gasketi iliyoungua, na mwenye gari anaona fedha yake ilikokwenda. Fundi umeme anaweza kushinda nusu siku amejikunja chini ya dashibodi, akatoka na kipande cha waya chenye urefu wa kidole, au asitoke na kitu chochote mkononi, na gari likawa limepona.

Magari ninayoyasema tunayajua wote. Toyota ilianza kuuza Vitz mwaka 1999, na mwaka 2002 ikatoa IST juu ya msingi huohuo. IST ya umbo la kwanza ilitengenezwa hadi 2007, kwa hiyo hata zile za mwisho zimekula chumvi nyingi, na bado Dar es Salaam zinabeba abiria, zinapeleka watoto shule na kufuata mzigo Kariakoo. Injini zake za lita 1.3 na 1.5 ni ngumu. Nyaya ndizo zinazozeeka. Joto la chini ya boneti hukausha plastiki ya waya mpaka inapasuka ikikunjwa. Hewa ya chumvi ya Tanga, Dar na Mombasa hupenya kwenye plagi na kuacha kutu ya kijani juu ya shaba.

Mikono ya watu huharibu zaidi ya chumvi. Redio za FM za soko la Japani za miaka ile zilishika megahezi 76 hadi 90, na stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana magari mengi yaliposhuka bandarini yalipasuliwa dashibodi mapema ili yawekwe redio nyingine. Ikafuata alamu, kisha spotilaiti, kisha swichi ya siri ya kukata pampu ya mafuta ili mwizi asifike mbali. Kila aliyepita alimenya waya wa kiwandani, akasokota wake juu yake, akazungushia tepu nyeusi, akaondoka. Miaka ikapita, gundi ya tepu ikayeyuka kwa joto, pakabaki shaba tupu inayogusa chuma gari likiruka tuta na kuachia gari likitulia.

Fundi mzuri huanza kazi kabla ya kugusa boneti. Huuliza.

"Dada, hili lilianza lini?"

"Mvua za juzi, fundi."

"Ikinyesha tu, au hata pakikauka?"

"Ikinyesha na kesho yake. Halafu linaacha."

"Na kabla ya mvua, kuna mtu aliligusa? Uliweka chochote?"

Anayeuliza hivyo ameshaanza kupima. Kila jibu linampunguzia sehemu za kutafuta. Feni inayofanya kazi namba 4 peke yake imeshajieleza: mwendo wa juu haupiti kwenye rezista, miendo ya chini inapita, basi mota ni nzima na rezista ndiyo iliyoungua. Indiketa inayopepesa harakaharaka upande mmoja inasema balbu moja ya upande huo imekufa. Na ile indiketa inayowaka kwa mbali mguu ukiwa kwenye breki karibu kila mara inamwelekeza fundi kwenye ethi ya taa ya nyuma. Umeme wa taa ya breki umekosa njia yake ya kurudi kwenye bodi, ukajipenyeza kurudi kupitia balbu ya jirani. Mwenye gari angebadilisha balbu zote za nyuma na hali ingebaki vilevile.

Hapo kwenye ethi ndipo ninapomwonea fahari zaidi fundi huyu, kwa sababu ndipo akili yake inapoonekana. Chukua gari linalogonga tu asubuhi. Betri imepimwa, inasoma volti 12.6, imejaa. Mtaani watasema moja kwa moja: stata. Fundi anayejua kazi haamini bado. Anaacha kila kitu kilivyo, anaweka ncha moja ya mita kwenye chuma cha injini na nyingine kwenye nguzo hasi ya betri, halafu anamwambia mwenye gari apige stata. Waya wa ethi ukiwa mzima, mita itasogea kidogo tu, haitafika hata nusu ya volti. Ikiruka hadi 3, ameshapata jibu. Volti 3 zimepotelea njiani, stata imeachiwa 9 wakati ilihitaji zaidi, nayo inagonga kwa sababu haina nguvu ya kuzungusha.

Hesabu yake ni ile ya Georg Simon Ohm, Mjerumani aliyeichapisha mwaka 1827. Stata huvuta ampea 100 na zaidi. Kutu chini ya nati ikileta upinzani wa omu 0.03 tu, zidisha kwa 100, umepoteza volti 3. Upinzani mdogo kiasi hicho mita ya kawaida haiwezi kuuonyesha ikiwekwa upande wa omu. Balbu ya kupimia, ile mafundi wanayoiita testa, nayo itawaka vizuri kabisa ikiunganishwa kwenye waya uleule, maana balbu inaomba umeme kidogo na kutu inauruhusu upite. Mtu anayepima gari likiwa limelala ataapa kwamba waya ni mzima, na kwa kipimo alichotumia hasemi uongo. Lazima upime wakati kazi inafanyika. Nimekutana na mafundi ambao hawajawahi kusikia jina la Ohm wanaolifanya jambo hili kwa mkono uliotulia, kwa sababu aliyewafundisha gereji aliwakataza kukisia.

Tiba yake ni spana namba 10, kipande cha msasa na grisi kidogo. Nati inafunguliwa, chuma cha bodi kinasuguliwa mpaka kinameta, kichwa cha waya kinasuguliwa vilevile, vinafungwa kwa nguvu na kupakwa grisi ili chumvi isirudi haraka. Hakuna kifaa kilichonunuliwa.

Kazi nyingine ya kuheshimiwa ni ya mlango wa nyuma. Katika magari haya nyaya zinazokwenda kwenye kitasa, waipa ya nyuma na taa ya namba hupita ndani ya mpira kati ya bodi na mlango, na kila mlango unapofunguliwa zinakunjwa palepale. Baada ya maelfu ya mikunjo shaba hukatika ndani huku plastiki yake ikibaki nzima. Kwa macho huoni kitu. Fundi anauvua mpira, anashika waya mmojammoja kwa vidole viwili na kuuvuta taratibu kwa jinsi mtu anavyopapasa unyayo akitafuta mwiba. Waya mzima hauendi popote. Uliokatika ndani unarefuka kidogo, plastiki yake inanyooka, na hapo ndipo penye pengo.

Kuunga pia kuna adabu yake. Anayeharakisha atasokota na kufunga tepu, na baada ya miezi michache utarudi. Fundi ninayemsifu anakata sehemu yote iliyochoka na kuongeza kipande cha waya laini chenye unene uleule ili mkunjo upate nafasi, kisha analehemu kwa risasi mpaka inazama katikati ya shaba. Anahakikisha viungo vya risasi vinakaa nje ya mahali panapokunjwa, kwa sababu waya uliolehemewa ni mgumu na hukatika upesi ukipindishwa. Tena haviweki vyote mstari mmoja. Kimoja anakipeleka juu, kingine chini, ili fungu la nyaya lisivimbe wala viungo visigusane. Rangi anazifuata: katika Toyota waya mweupe wenye mstari mweusi kwa kawaida ni ethi, na akiuongeza kwa waya mwingine anatafuta unaofanana nao. Hilo halifanyi kwa ajili ya mwenye gari, ambaye hataliona kamwe. Analifanya kwa ajili ya fundi mwingine atakayelifungua gari lile siku moja, pengine katika mji mwingine. Mimi hili ndilo ninalolipenda kuliko yote katika ufundi huu.

Halafu kuna ugonjwa wa betri kulala. Gari linaegeshwa jioni likiwa zima, keshokutwa haliwaki. Hapa fundi anahitaji kukaa na kungoja, jambo ambalo wateja wengi hulitafsiri kuwa ni uvivu. Anachomoa waya hasi wa betri na kuipitisha mita katikati ili isome umeme unaotoroka. Anaibonyeza swichi ya mlango ili gari lidhani mlango umefungwa, kisha anaacha muda upite hadi vifaa vya gari vitulie. Gari zima likilala linapaswa kuvuta chini ya miliampea 50 hivi, kiasi cha kulinda saa na kumbukumbu. Ikibaki inasoma nusu ampea, kuna mwizi ndani. Nusu ampea kwa saa 24 ni ampea-saa 12, na betri ndogo ya ampea-saa 35 haitavumilia siku nyingi. Anaanza kuchomoa fyuzi moja baada ya nyingine, macho kwenye mita, mpaka namba ishuke. Mara nyingine mkosaji ni alamu ya bei rahisi. Mara nyingine fyuzi zote za ndani zinaisha bila namba kushuka, ndipo anaichomoa alteneta yenyewe na kukuta dayodi moja imetoboka, inauvujisha umeme usiku kucha. Hapo sasa alteneta ina kosa la kweli, na fundi anaweza kuisema bila kubahatisha.

Yapo mambo yanayoitwa ufundi ambayo nayakataa wazi. Kuchomoa teminali ya betri injini ikiwaka ili "kuona kama alteneta inachaji" ni mazoea yaliyobaki kutoka magari ya zamani yasiyo na kompyuta. Katika IST umeme unaweza kuruka ghafla na kuua kontroli boksi yenye thamani kubwa kuliko alteneta. Mita kwenye nguzo za betri inatosha: injini ikiwaka isome kati ya volti 13.8 na 14.4 hivi. Kibaya zaidi ni kuongeza fyuzi. Nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30, na rangi hizo ziliwekwa ili mtu asikosee. Anayeweka ya kijani mahali pa nyekundu kwa sababu "ile ndogo inaungua kila mara" ameamua kwamba kitakachoungua sasa ni waya, nyuma ya dashibodi, abiria wakiwa ndani.

Hata mashine ya kusoma makosa, ambayo siku hizi kila gereji inaitaja kwanza, haimwondolei fundi kazi yake. Mashine inasema kompyuta imeona volti zisizo za kawaida kutoka kwenye sensa fulani. Haisemi kama sensa imekufa, au plagi yake imeingia maji, au panya amekata waya. Fundi anaisoma, anaandika namba, kisha anaufuata waya.

Ujuzi huu una shule zake. Vyuo vya ufundi vya VETA nchini Tanzania hufundisha umeme wa magari, na wengi hupita huko. Wengi zaidi wameupata kwa kushika tochi pembeni ya fundi mkubwa, Gerezani Dar es Salaam au Kirinyaga Road Nairobi, mpaka siku walipoachiwa mita. Wengine kipimo chao chote ni balbu na nyaya mbili walizolehemu wenyewe, na hata hivyo ukiwatazama utaona utaratibu uleule: kuuliza, kupima, kukata sehemu ya kutafuta katikati, kupima tena.

Tatizo ni jinsi tunavyowalipa. Fundi akibadilisha alteneta tunatoa fedha ya kifaa na ya kazi bila maneno mengi, kwa sababu tumeona kitu kipya. Akikaa saa tatu na kugundua nati moja yenye kutu, tunamwambia, "Sasa nikulipe kwa kukaza nati?" Kwa tabia hiyo sisi wenyewe tunamfundisha akimbilie kubadilisha, na yule aliyetuokolea gharama ya alteneta ndiye tunayempunja.

Kwa hiyo ukimpelekea fundi umeme gari lako, usimwambie akubadilishie nini. Mwambie gari linafanya nini, saa ngapi, kwenye mvua au jua, na nani alilifungua mara ya mwisho. Akisema ni alteneta, mwombe akuonyeshe kwenye mita kabla hujatoa fedha. Akikaza nati na gari likawaka, mlipe saa zake zote za kutafuta.